Kilichobaki Kikombeni

Waanglikana wa Kibiti ni wachache kiasi kwamba wakigombana hapabaki mtu wa kuwaamua. Mji wenyewe ni wa Waislamu tangu enzi na enzi, na hawa wengine wameletwa na kazi: mwalimu huyu, nesi yule, polisi, karani wa halmashauri, fundi wa barabara aliyeoa hukuhuku akasahau kuondoka. Kanisa lao limeezekwa bati upande mmoja na makuti upande wa pili, na hilo lisikupe mawazo makubwa, ni mchango tu ulioishia njiani. Majirani huwaona kila Jumapili wakiingia pamoja, wakiimba pamoja, halafu wakitoka wamenuniana.

Kilichowanunisha ni mkate. Nusu ya waumini ni watu wa Masasi na Newala, ambako wamisionari wa kwanza walifika na uvumba, kengele na majoho ya kutariziwa. Kwa hao ibada ni Misa, meza ni altare, anayeiadhimisha ni Padri, na akishatamka maneno yake juu ya mkate, ule si mkate tena. Anayetaka kuuliza umekuwa nini apige magoti kwanza. Nusu ya pili ni watu wa Mpwapwa na Kongwa. Huko walifika wamisionari wengine wa kanisa lilelile la Uingereza, wakiwa na Biblia, pambio, na kinyongo na uvumba. Kwao ni Meza ya Bwana, anayeiongoza ni Mchungaji, na mkate unabaki mkate. Kinachobadilika ni moyo wa anayekula, kama utabadilika.

Wamisionari hao walikuwa wamegawana nchi kwa akili sana, ili watu wao wasikutane. Hawakujua kwamba siku moja Serikali ingempangia mwalimu wa Mpwapwa kazi Kibiti, na polisi wa Masasi ikampeleka hukohuko.

Malalamiko yalipomzidi Askofu, akawaletea Padri Mashaka. Huyu alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mpole, mwenye shahada ya pili ya teolojia na kipara kilichowahi. Baba yake wa Muheza alimbatizisha kwa uvumba, mama yake wa Kongwa akamlea kwa pambio, kwa hiyo Askofu alimwona kama suluhu iliyozaliwa tayari. Mwenyewe naye alijiona hivyohivyo. Neno lake kubwa lilikuwa, "Kanisa letu lina upana," na alilitamka kwa ulaini hata watu wakaondoka wakidhani wamejibiwa.

Dawa aliyowaandalia ilikuwa semina. Jumamosi nzima, na projekta ya kuazima, na pilau, mada ikiwa ni kukua kwa mafundisho ya Kianglikana juu ya Ekaristi. Walikuja watu arobaini, jambo ambalo halijapata kutokea, na sifa zake tusimpe Padri peke yake, pilau nayo ilikuwa na sehemu yake.

Simu ya Bi Zuhra iliingia saa nane mchana, Padri akiwa katikati ya karne ya kumi na sita. Bi Zuhra ni mke wa mkata mikoko wa Kiomboni, kisiwani delta, na siku hizo alikuwa akimuuguza jirani yake, Bibi Agneta. Bibi Agneta aliletwa kisiwani na Serikali zamani, mkunga wa zahanati, mzaliwa wa Masasi. Alipostaafu hakuondoka. Nusu ya watu wa kisiwa kile walipitia mikononi mwake siku yao ya kwanza duniani, na katika wote hao Mkristo alikuwa yeye tu.

"Padiri, Bibi kazidiwa," alisema Bi Zuhra. "Siku ya tatu hii hali kitu. Anataka chakula chake cha kanisani. Mie sikijui, ningempikia."

"Pole sana, Mama. Mwambie naja."

"Lini? Ipo boti ya jioni hii maji yakijaa. Mwite Haruna."

Padri Mashaka alichungulia ukumbini. Watu arobaini walikuwa wamekaa wanamsubiri, sufuria limefunikwa, na zilikuwa zimebaki karne tatu na nusu. Roho ilimwuma, na ni haki kusema hivyo, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini alichagua karne.

"Kesho, Mama. Nikimaliza ibada tu, nakuja."

"Haya. Ila kesho msichelewe. Mchana maji yanapwa."

Akarudi kwenye projekta. Aliwaeleza jinsi kasisi wa Kiingereza alivyofundishwa kwanza kumwambia mtu kwamba huu ndio mwili uliotolewa kwa ajili yake. Na jinsi, miaka mitatu baadaye, maneno hayo yalivyofutwa, mtu akaambiwa ale kwa kukumbuka. Na jinsi alivyokuja malkia asiyependa kelele, akazichukua sentensi zote mbili akaziunga kwa uzi mmoja, ili kila mtu asikie ile aipendayo. Aliwaeleza habari za kupiga magoti: iliandikwa watu wapige, ila isidhaniwe kwamba wanauabudu mkate, maelezo hayo yakaondolewa, baada ya miaka mia yakarudishwa na neno limebadilishwa. Akawafikisha kwa mapadri waliofungwa jela Uingereza kwa ajili ya mishumaa na uvumba. Watu wa Masasi waliguna kwa huzuni kana kwamba waliofungwa ni wajomba zao. Mwalimu Ndahani wa Mpwapwa alitikisa kichwa polepole, kuonyesha kwamba sheria ni sheria. Hadi pilau inapakuliwa, kila upande ulikuwa umethibitishiwa na historia kwamba haukukosea hata siku moja.

Jioni ikakaa halmashauri ya kanisa kuamua habari ya Bibi Agneta. Padri alitaka kesho yake atenge sehemu ya kile kitakachowekwa wakfu, akipeleke kisiwani.

"Haiwezekani, Mchungaji," alisema Mwalimu Ndahani. Alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu asiyeweza kusema uongo hata kwenye salamu. Ukimwuliza habari za nyumbani atakueleza. "Imeandikwa, na jana ulituonyesha mwenyewe..."

"Leo," alisema Padri.

"Leo ulituonyesha mwenyewe. Kilichobarikiwa hakitolewi nje. Kikibaki, kiliwe na kinywewe humohumo kanisani."

"Kwetu Masasi mwili wa Bwana unakaa kanisani usiku na mchana, na taa haizimwi," alisema Sajenti Zawadi. Huyu alikuwa askari wa usalama barabarani kituo cha Bungu, mwanakwaya, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. "Mgonjwa akiita anapelekewa. Sasa huyu mama wa watu afe na njaa kwa sababu ya Mpwapwa?"

Padri Mashaka akafanya alichozaliwa kukifanya. Kitakachobaki, alisema, kitamalizwa kanisani hadi tone la mwisho, kama atakavyo Mwalimu. Bibi Agneta atapelekewa mkate mpya na divai mpya, ibada ikasomwe kitandani pake, jambo ambalo pande zote mbili hazina neno nalo. Watu wa Masasi wapewe kengele na hostia, vile vimkate vyao vyembamba. Watu wa Mpwapwa wawekewe mkate wa kawaida kando ya hostia, kila mtu achague. Mwalimu Ndahani ataandamana na Padri kisiwani, ili Mpwapwa nayo iwe imekwenda. Kila mmoja alirudi nyumbani ameshindwa kidogo, na hali hiyo Padri aliiita amani.

Jumapili ibada ilianza saa moja asubuhi. Kwa furaha ya umoja mpya, Padri alijaza jagi zima la divai, litoshe kuwanywesha watu arobaini. Ilikuwa divai tamu ya Dodoma, iliyokamuliwa kwenye mkoa ambao walokole wake hawataki hata kuisikia harufu.

Kengele ilipolia mara tatu, watu wa Mpwapwa na Kongwa walijishika kwenye viti vyao kama waliosikia king'ora. Kitambaa kilipofunuliwa, watu wa Masasi wakauona mkate. Ulikuwa boflo ya Bi Sikudhani wa stendi, umetoka tanurini alfajiri, una sukari na siagi, na unapukutika ukiutazama tu. Wakaziwazia zile chembe sakafuni, wakawawazia siafu wa Kibiti, nao pia wakabaki wameketi. Waliokwenda mbele walikuwa Mwalimu Ndahani, kwa sababu alikuwa ameahidi, na bibi watatu ambao mmoja hasikii na wawili hawaoni vizuri.

Kwa hiyo baada ya baraka ya mwisho Padri Mashaka alijikuta kwenye chumba cha kuvalia, na jagi mbele yake limejaa kama lilivyoingia.

Alitazama huku na huku kutafuta wasaidizi. Mmoja wa wale bibi alikuwa kwenye dawa za presha, wenzake walishaondoka. Watu wa Masasi walikuwa nje, wanaulaani mkate. Mwalimu Ndahani alikuwa mlangoni, lakini Mwalimu tangu aokoke alikuwa hajaonja kileo, na kile kikombe cha ibada alikuwa amekigusisha mdomo tu.

"Tungeweza kubakiza kidogo," alisema Padri.

"Tulikubaliana hadi tone la mwisho," alisema Mwalimu kwa upole. Hakuwa anamlinda, alikuwa shahidi.

Padri akanywa. Kikombe cha kwanza alikinywa kwa heshima, na cha pili kwa heshima. Cha tatu alikinywa kwa heshima zaidi. Katikati akala hostia zilizosalia na boflo yote, ambayo kusema kweli ilikuwa tamu. Akasuuza jagi kwa maji, akanywa na yale maji. Hapo mafundisho ya Kanisa yalikuwa yametimizwa kwa ukamilifu ambao sina hakika kama yamewahi kutimizwa popote kusini mwa Dar es Salaam.

"Uko sawa, Mchungaji?"

"Niko sawa kabisa," alisema Padri, na alijisikia sawa kuliko alivyopata kujisikia tangu ahamie Kibiti. Hilo lingetosha kumshtua mtu mwingine. Mwalimu Ndahani hakujua kuendesha gari, na mtu aliyekunywa hakujua anafananaje, kwa sababu hakuwahi kukaa na mmoja. Akachukua mkoba wenye chupa ndogo ya divai mpya na hostia mpya, akaupakata, wakaondoka.

Safari yenyewe si ngumu. Unatoka Kibiti unashika barabara ya lami kwenda Bungu, unakata kulia njia ya vumbi hadi Nyamisati, na hapo Haruna anakungoja na boti. Haruna alikuwa amesema atasubiri hadi saa sita mchana. Baada ya hapo maji yanatoka mtoni, na boti inakaa kwenye tope mpaka jioni. Saa nne na robo walikuwa wameshaiona Bungu.

Hapo Bungu barabarani alisimama Sajenti Zawadi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa zamu, na mwenzake Koplo Fikirini, kijana wa Dimani. Zawadi alifurahi kuwaona, akaja dirishani akitabasamu.

"Shikamoo, Baba Padri. Ndiyo mnakwenda kwa Bibi? Niombeeni na mimi. Puliza hapa kidogo, mpite. Leo kila dereva anapuliza, angekuwa hata Askofu."

Padri akapuliza. Kipimo kikawaka nyekundu. Zawadi akakitazama, akakigongagonga kiganjani, akampa tena. Kikawaka vilevile.

"Baba Padri," alisema, na sauti yake ndogo ikazidi kupungua, "umekunywa pombe?"

Ukilitazama vizuri, swali hilo ndilo watu walilochomewa moto zamani huko Uingereza. Tofauti ni kwamba wao hawakuulizwa kando ya barabara, na lori la nazi likipiga honi nyuma yao.

"Nimemaliza kilichobaki kikombeni," alisema Padri.

Zawadi alielewa mara moja, na uso ukamchanua. "Aa. Basi hukunywa pombe."

"Mashine inasema pombe, Afande," alisema Koplo Fikirini.

Zawadi akakirudia kipimo kukitazama, na ule uso ukajifunga. Mwalimu Ndahani, ambaye alikuwa anaiangalia saa yake, akainama kupitia mapajani mwa Padri.

"Afande, tunachelewa. Mchungaji hakwenda baa. Alichokunywa ni kikombe cha Bwana."

"Mwalimu, si wewe jana ulisimama mbele za watu ukasema divai inabaki divai?"

"Ni ukumbusho."

"Basi ukumbusho huu umezidi kiwango."

 Mwalimu angeweza kumwokoa Mchungaji wake kwa sentensi moja, kwamba kilichomo kikombeni baada ya maombi si divai tena. Lakini sentensi hiyo ilikuwa ya Masasi. Alihangaika nayo rohoni, na mwisho akasema kwa huzuni ya kweli, "Divai ni divai."

"Kwa hiyo kalewa," alisema Fikirini, akaona jambo limekwisha. "Andika, Afande."

Na Zawadi hakuandika. Alishika mashine yake ya faini, kidole kikaenda, kikarudi. Kosa lilikuwa na jina lake, na ilibidi alichague: kuendesha akiwa amelewa. Amelewa nini? Yeye alifundishwa na bibi yake kupiga magoti mbele ya kile kikombe kabla hajajua kusoma. Akibonyeza pale, ameiandikia Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kwamba damu ya Bwana inalewesha. Asipobonyeza, amemruhusu dereva mlevi. Machozi yalikuwa karibu.

Fikirini akaona heri amwulize mwenye jambo. "Padri, mie dini yenu sikuisomea. Niambie kwa ufupi. Ni pombe au si pombe?"

"Kanisa letu," alianza Padri Mashaka, "lina upana."

Akaendelea. Alisema Kanisa halijapata kukana kwamba divai inabaki na asili yake, wala halijapata kukubali kwamba ni divai tupu. Alisema kuna kuwapo na kuna namna ya kuwapo. Ulimi ulikuwa mzito kidogo lakini karne zote zilikuwamo kichwani, kwa mpangilio, na zikaanza kutoka. Zawadi alimsahihisha kwenye habari ya magoti. Mwalimu akamsahihisha Zawadi. Padri akashuka garini ili aeleze kwa mikono. Dereva wa lori la nazi naye alishuka, akaja kusimama, akidhani ni ajali. Semina ikafunguliwa upya kando ya lami, safari hii bila pilau, na Koplo Fikirini akawa anamtazama kila anayesema kwa adabu, akiamini uamuzi uko karibu.

Simu ya Padri iliita. Alikuwa Haruna.

"Padri, uko wapi? Maji yanatoka huku."

"Niko Bungu. Kuna suala hapa."

"Suala gani?"

Padri aliwaangalia Zawadi na Mwalimu, waliokuwa wanabishana juu ya ule uzi wa malkia. "Nitakueleza," alisema.

Ilikuwa imepita saa nzima Fikirini alipokohoa. "Wakubwa zangu, samahani. Kwani mgonjwa anamngoja Padri au anangoja gari?"

"Padri," alisema Zawadi.

"Gari ndiyo haiwezi kwenda. Padri anaweza. Si apande bodaboda?"

Kijiwe cha bodaboda kilikuwa ng'ambo ya barabara. Walikuwa wamekitazama muda wote.

"Mbona hukusema mapema?" aliuliza Mwalimu Ndahani.

"Nilidhani mnamaliza," alisema Fikirini.

Zawadi alichukua ufunguo wa gari akautia mfukoni. Alisema gari litalala hapo, na kosa atakaloliandika ataliwaza usiku. Padri akapanda pikipiki ya kijana anayeitwa Dulla, Mwalimu akapanda ya mwenziwe na mkoba kifuani, wakaingia njia ya Nyamisati.

"Shika vizuri, mzee," alisema Dulla. "Maji hayana cha padri wala shehe."

Njia ilikuwa ya mchanga, imepita kwenye mikorosho, na kila shimo lilimtikisa Padri hadi kwenye fikra. Upepo ulimpiga usoni, divai ikaanza kumtoka, na ilivyomtoka ndivyo aibu ilivyoingia. Alimwona Bibi Agneta, ambaye hajapata kumwona, amelala anasikiliza mlango. Akaona kwamba jana jioni angekuwa ameshafika, ameshasoma ibada na kupewa chai. Akamwambia Dulla aongeze mwendo, na Dulla akasema mwendo ndio huo.

Walifika saa saba kasoro. Haruna alikuwa amekaa juu ya boti yake, na boti imekaa juu ya tope.

"Nilikusubiri mpaka na mie nikakwama," alisema. "Sasa ni mpaka maji yarudi. Magharibi hivi."

Kutoka gatini hadi kwenye mikoko ya ng'ambo ilikuwa matope meusi matupu, na kaa wanatembea. Padri akaipiga namba ya Bi Zuhra. Bi Zuhra alimsikiliza, hakumlaumu. Akasema, "Ngoja nimtie simu sikioni. Mwambie mwenyewe."

Alisikia pumzi, fupifupi. Kisha sauti kavu, tulivu. "Padri. Umefika?"

"Niko Nyamisati, Bibi. Maji yametoka. Nimechelewa. Nisamehe."

 Padri akatafuta kichwani kitu cha kumpa, na katika karne zote zile alizozibeba, kikaja kimoja. Yalikuwa maneno machache ya kwenye ibada ya wagonjwa, yameandikwa tangu kitabu cha kwanza na hakuna aliyeyagusa. Kwenye semina hayakuwemo, kwa sababu hakuna aliyepata kuyagombania.

"Bibi, nisikilize. Kanisa linafundisha hivi. Mgonjwa akikosa kasisi, au akikosa mkate na divai, si kwa kosa lake, lakini akatubu, akaamini, akashukuru, basi ameshakula na kunywa mwili na damu ya Bwana, ingawa hakuna kilichopita kinywani. Amepata kila kitu."

Pumzi zilikwenda, zikarudi.

"Nimeshakula?"

"Umeshakula, Bibi."

"Bila wewe."

"Bila mimi."

"Mafundisho hayo yameanza lini?"

"Yapo tangu zamani. Inakaribia miaka mia tano."

 Sauti ya Bibi Agneta ilikuwa ileile, haikupanda.

"Tangu nistaafu niko hapa peke yangu. Kila Jumapili navaa kanga yangu nzuri nakaa kibarazani, najiona nina njaa. Nasema Mungu amenisahau, maana sikuletewa. Mapadri watatu wamepita hapo Kibiti, wewe wa nne, na simu ninayo. Mlikuwa na shughuli gani?"

"Tulikuwa tunabishana, Bibi."

"Juu ya nini?"

Padri Mashaka aliutazama mkoba kwenye mapaja ya Mwalimu. "Juu ya hichohicho chakula."

Ikaja sauti ambayo huenda ilikuwa kicheko, huenda ilikuwa kikohozi. "Haya. Nimekusadiki, nimekula. Lakini mimi nilitaka mtu aje."

Hapo Bi Zuhra alichukua simu, akasema Bibi amechoka, wangoje maji.

"Amesemaje?" aliuliza Mwalimu Ndahani.

"Anataka twende."

Wakangoja. Haruna aliwaletea chai na mihogo. Mwalimu alikaa ameupakata mkoba kama mtoto aliyelala, asiseme neno la Mpwapwa wala la kwingine. Jua likageuka. Maji yakaanza kurudi kidogo kidogo katikati ya mkondo, yakalamba tope, yakaifikia boti lakini hayakuinyanyua, na Haruna akavua shati akaenda kuitoa nanga, ili yakifika tu waondoke.

Simu iliita kabla boti haijaelea.

"Bibi kafariki, Padiri," alisema Bi Zuhra. "Sasa hivi, mikononi mwangu. Alikuwa akiniuliza kila mara, wamefika wapi. Naenda mlangoni natazama, narudi, namwambia bado. Mwisho nikaona atakufa na dhiki yake. Nikamwambia boti naiona, ndiyo hiyo inaingia. Akasema alhamdulillahi, kama sisi, akatulia. Na boti haikuwapo. Mie nilimdanganya mtu anayekufa. Padiri, hilo nitasamehewa?"

Padri Mashaka alizijua hoja za pande zote mbili juu ya uongo wa huruma, na waliozitoa, na miaka yao. Mwalimu Ndahani alikuwa anamtazama, na Haruna amesimama majini ameshika kamba.

"Ndiyo, Mama," alisema, na hakuongeza neno.